Taa Katika Kioo cha Kinyozi

Baba yangu alinyoa watu kwa miaka arobaini na mmoja katika chumba kimoja chenye upana wa hatua sita. Hatua hizo nimezipima mwenyewe. Mimi ni mtu wa kuandika-andika. Nina madaftari tangu nilipokuwa kidato cha pili, nimeyapanga kwa miaka, na mke wangu husema siku nikifa hakuna haja ya kutafuta kuni, madaftari yatatosha kunichoma. Haya ninayoyasimulia nimeyatoa humo, isipokuwa mambo mawili matatu ambayo sikuhangaika kuyaandika kwa sababu hayasahauliki.

Wateja walimwita Mzee Wembe hata kabla hajawa mzee. Chumba chake kilikuwa na mlango na dirisha upande wa barabara. Ukuta wa kushoto ulikuwa na kioo kirefu kilichoanza kuota madoa meusi kwenye kingo, na mbele ya kioo viti viwili vya kuzunguka. Kimoja kilipanda na kushuka ukikanyaga pedali yake. Cha pili kilikwama kikiwa juu, miaka mingi iliyopita, na tangu hapo kikawa kiti cha watoto. Ukuta wa kulia, unaotazamana na kioo, ulikuwa na benchi la kusubiria, na juu ya benchi, kwenye pembe, rafu ndogo ya mbao yenye picha ya Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo, ambaye sisi Wahindu humwomba kabla ya kuanza jambo lolote ili atuondolee vizuizi njiani.

Picha hiyo ilikuwa ya mama. Alipofariki, nami nikiwa kidato cha tatu, baba aliishusha ukutani nyumbani akaipeleka dukani.

"Nyumbani nalala tu," alisema. "Mama yako hakuizoesha kukaa peke yake."

Kila asubuhi alifika dukani nywele zake zikiwa bado na maji ya kuoga. Alifungua mlango nusu, akaviacha viatu nje, akaingia miguu mitupu. Sakafu aliifagia jioni ya jana yake, isibaki hata unywele mmoja. Kwetu nywele zikishakatwa mwilini ni uchafu. Aliyezigusa hasogelei ibada mpaka aoge tena. Kwa hiyo taa ilitangulia, kisha ndiyo vichwa vya watu. Alitoa pamba kwenye bunda ambalo halikuwahi kutumiwa kwa mteja, akaisokota kwa viganja kuwa utambi, akaiweka kwenye taa ndogo ya shaba yenye samli. Aliwasha. Alichomeka kijiti cha udi. Akashika kengele kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia sinia dogo lenye taa, akalizungusha mbele ya picha taratibu, kuelekea upande unaokwenda mshale wa saa, mara saba, huku akiimba kwa sauti ya chini. Alipitisha viganja juu ya mwali akajipaka joto lake usoni. Mwisho alikwenda mezani, akagusa kifaa kimoja kimoja na kukipeleka kwenye paji la uso: mashine, mkasi, kitana, wembe. Ndipo aliposema, "Haya, nani wa kwanza?"

Siku moja alikuja bwana mmoja mwenye tai, mnene, jasho linamtoka asubuhi yote ile.

"Mzee Wembe, fanya haraka, nina kikao saa mbili!"

"Kaa, nakuja."

"Unafanya nini huko pembeni?"

"Naongea na mwenye duka."

Yule bwana alitazama huku na huku. "Kumbe duka si lako?"

"Langu ni mkasi tu," baba alijibu, na hakuzungusha taa kwa haraka hata kidogo.

Tangu siku hiyo picha ikaitwa Mwenye Duka, hata na wateja. Fundi Viatu, jirani yetu aliyeketi na sanduku lake la nyuzi na gundi chini ya paa la duka, yeye alikuwa na dini yake na sala zake, lakini utani hakuuacha.

"Jirani," alimwambia baba, "huyo wako ana masikio makubwa. Anasikia umbea wote wa humo ndani."

"Ndiyo maana humu hatusengenyi."

"Basi nitakuwa nanyolewa kwingine. Mimi bila umbea kichwa kinaniwasha. Na viatu vyako umeviacha mlangoni tena. Iko siku nitavifungia safari, urudi nyumbani pekupeku kama mtakatifu."

Ni kweli, dukani kwa baba hakuna aliyesengenywa. Ukianza kumteta mtu, baba aliisimamisha mashine akasubiri. Ukimya ule ulikuwa mzito kuliko karipio. Na mteja wa kwanza, awe nani, aliketishwa kwenye kiti kizuri. Daftari langu la kidato cha nne lina habari za Jenerali, mtu asiye na kwao, aliyelala sokoni na kuvaa koti kuukuu la jeshi. Asubuhi hiyo yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza mlangoni, na nyuma yake walisimama watu watatu wenye mashati yaliyopigwa pasi. Baba alimvika Jenerali kitambaa safi, akazifungua nywele zake zilizosokotana kama kamba za katani, saa nzima. Wale watatu walikwenda zao mmoja baada ya mwingine. Mimi nilinuna.

"Baba, sasa tumebaki na huyu tu."

"Leo Mwenye Duka ametuletea huyu. Ungependa nimwambie kakosea?"

Basi. Hakueleza zaidi. Baba hakuwa mtu wa kueleza. Hakuniketisha hata siku moja akaniambia dini yetu inasema hivi, shika hivi, acha vile. Nami sikuuliza. Nilimaliza shule, nikapata kazi ya ukarani katika masijala ya hospitali, mahali yanapotunzwa mafaili ya wagonjwa, nikaoa, nikawa na haraka zangu. Taa sikuwasha. Si kwamba niliikataa. Kila nilipoifikiria nilijiambia ipo, baba anawasha.

Binti yetu ana miaka kumi. Babu yake alimpa jina la Bi Kwanini, na mwenye kuishi naye hatauliza sababu. Mke wangu huoka mikate kiwandani na hutoka nyumbani alfajiri. Zamu yangu huanza saa moja. Kwa hiyo tangu mtoto alipofikisha miaka sita, nilimpitisha dukani saa moja kasoro robo, naye babu yake akampeleka shule, mtaa wa pili, baada ya taa.

Siku ya kwanza nilikuwapo. Mtoto alitaka kukaa kwenye benchi.

"Hapo hapana," baba alisema. "Hapo utakuwa katikati yangu na Mwenye Duka wakati naongea naye." Akamnyanyua, akamweka kwenye kile kiti kilichokwama juu, uso kwenye kioo. "Kaa hapa. Usigeuke, usizungushe kiti, kinalia kama paka."

"Babu, kwa nini ana kichwa cha tembo?"

"Maswali mpaka mwali uzimike."

Mwali ulipozimika ilikuwa saa ya kukimbilia shule. Ikawa hivyo kila siku, miaka mitatu. Lile swali la tembo lilibaki linaning'inia.

Mwaka jana, Jumatano moja saa nne asubuhi, wembe ulimdondoka baba mkononi. Fundi Viatu aliusikia ukigonga sakafu. Aliniambia baadaye kwamba kilichomtia hofu si kishindo, ni kwamba hakusikia baba akisema neno, na katika miaka yote ya ujirani hajawahi kumsikia akiangusha kitu. Alimkuta amesimama, ameegemea kiti, mdomo umekwenda upande. Mteja alikuwa bado na povu kidevuni. Wakambeba wawili.

Kilikuwa kiharusi. Nilifungua faili lake mimi mwenyewe, kwa mwandiko wangu, na sitasahau jinsi kalamu ilivyokuwa nzito. Tunashukuru, mdomo ulirudi mahali pake, mguu ukarudi kwa msaada wa fimbo. Mkono wa kulia haukurudi. Ulikaa mapajani mwake kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa amshikie.

Alipotoka hospitali tulimhamishia kwetu. Siku ya tatu aliuliza, "Nani anamwashia Mwenye Duka?"

Nilitazamana na mke wangu. Duka lilikuwa limefungwa wiki tatu na nusu.

"Baba," mke wangu akasema, "nitakupeleka. Utawasha kwa huo wa kushoto, sisi tutakusaidia."

"Mkwe wangu, huu wa kushoto nimeutumia kwa yale mengine miaka sabini. Leo ndio niupeleke mbele yake?" Alicheka kidogo, lakini alimaanisha. Kwetu mkono wa kutolea ni wa kulia.

Nikajitolea. Nilikuwa na kila kitu kwenye daftari: ukurasa mzima, hatua kumi na nne, tangu kusokota utambi hadi kugusa wembe, niliouandika zamani nilipokuwa namtazama. Jumapili nikampeleka. Aliketi kwenye kiti kizuri. Mimi nilishika sinia kwa mkono wa kulia na daftari kwa wa kushoto, kengele nikaiweka rafuni na kuigonga kila nilipofika panapohusika. Sikuruka hatua hata moja.

Tulipokuwa tunafunga mlango baba alisema, "Umefanya vizuri. Hukuacha kitu."

Tukatembea kidogo, fimbo yake ikigonga lami.

"Ila ulikuwa unamsomea faili."

Nilicheka. Naye alicheka. Halafu akasimama.

"Si kosa lako, mwanangu. Mimi sikukufundisha. Marehemu mama yako alikuwa anasema, mfundishe huyu mtoto, nami namwambia, si anaona? Nilidhani kuona kunatosha." Akanitazama usoni. "Hebu niambie. Miaka yote ile, wewe ulikuwa unaona nini?"

Mimi, mwenye madaftari rafu nzima, nilimshika kiwiko tu nikamvusha barabara.

Hakulirudia tena lile swali. Lakini wiki mbili baadaye, tukiwa mezani, alitupa uamuzi wake bila kupandisha sauti. Duka angelikabidhi kwa kinyozi mwingine, mtu mzima mwenye familia aliyekuwa akilitamani tangu zamani. Na picha ipelekwe hekaluni.

"Si tuilete hapa nyumbani?" mke wangu akauliza.

"Nani atamwashia? Wewe saa kumi na moja uko kwenye tanuri. Huyu ana faili lake. Kumweka Mungu nyumbani bila kumwashia taa ni kumkaribisha mgeni ukamsahau sebuleni. Hekaluni wapo wa kumwangalia."

"Na wewe je, Babu?" Bi Kwanini akauliza. "Utakuwa unaongea na nani?"

"Nitaongea na wewe."

"Lakini mimi sina duka."

Baba aliweka kijiko chini. Niliona kidevu chake kikitetemeka, nikageukia maji ya kunywa. Nilielewa kwamba hakuwa analilia mkono. Mkono alishausamehe. Alikuwa anaamini kwamba kitu alichokipokea kwa baba yake, ambaye alikipokea kwa wake, kilikuwa kimemfia yeye mikononi, na kwamba aliyekiua ni ukimya wake mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda wote wanne kuitoa picha. Fundi Viatu alikuwa ameshafungua mlango na kufagia. Alitupokea kwa furaha, amekumbatia boksi jipya, limetandikwa kitambaa ndani.

"Jirani, nimekuandalia usafiri wa Mwenye Duka. Jipya kabisa, halijatumika!"

Baba alilitazama boksi. Ubavuni lilikuwa na picha ya buti. Fundi Viatu akafuata macho ya baba, akaona, akajipiga kofi la paji la uso.

"Ala! Boksi la viatu! Nimwingize mungu wa watu kwenye boksi la viatu! Jirani, nisamehe, miaka thelathini na tano gundi imenila ubongo."

Baba alicheka mpaka akashika ubavu, kicheko cha kwanza cha kweli tangu augue. Fundi Viatu alitoka mbio akarudi na kikapu kipya alichokiazima kwa jirani wa mbele, na shuka jeupe.

Baba aliketi kwenye kiti kizuri, uso kwenye kioo, maana kutembea kulikuwa kumemchosha. Mimi nikatoa daftari mfukoni.

"Tuwashe ya mwisho," nilisema, "kisha ndiyo tumshushe."

"Babu," Bi Kwanini akasema, "naomba mimi."

"Unajua?"

"Nimeona."

Neno lile lile. Baba alimwashiria kwa kichwa kuelekea rafuni.

Mtoto alikuwa ameshavua viatu. Hata sikujua alivua saa ngapi. Alinawa kwenye bomba la nje. Alitoa pamba kwenye lile bunda, akaisokota kwa viganja, akaitazama kwenye mwanga wa mlango kama mtu anayekagua sindano, akaifumua, akaisokota upya. Ndivyo baba alivyofanya siku zote, na mimi sikuliandika hilo popote. Nikamwashia kiberiti. Akachukua kengele, akachukua sinia, akapanda juu ya kigoda akaikabili picha.

Sinia lilikuwa mkono wa kushoto. Kengele mkono wa kulia. Akaanza kuizungusha taa, taratibu, kinyume kabisa na mshale wa saa.

"Mama," nikamwambia kwa upole, "mkono wa kulia. Na unazungusha kinyume."

Akasimama. "Lakini Babu anafanya hivi."

"Babu hafanyi hivyo."

"Anafanya! Kila siku anafanya hivi!" Macho yalimjaa. "Nimemwona kila siku, Baba. Wewe hukuwa unakaa."

Hilo lilinipata. Nilifungua daftari nimwonyeshe hatua ya saba, na nadhani ningemwonyesha kweli, Mungu anisamehe.

"Mwache," baba akasema.

Hakuwa amegeuka. Sauti yake ilikuwa ya ajabu, kama ya mtu anayeogopa kumfukuza ndege dirishani. "Endelea, Bi Kwanini. Endelea hivyo hivyo."

Mtoto akaendelea. Mimi nikamtazama baba, kisha nikatazama alikokuwa anatazama.

Alikuwa anatazama kioo. Ndani ya kioo, kati ya madoa meusi, alionekana mtu mdogo kwa mgongo, amesimama mbele ya rafu, na taa ilikuwa mkono wa kulia. Ilitokea juu ya bega, ikapita, ikashuka, ikarudi, kama mshale wa saa unavyokwenda. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Hata kile kiwiko kinachojivuta ubavuni kuirudisha suruali kiunoni, jambo alilolifanya baba kwa sababu mkanda wake ulikuwa mlegevu, kilikuwamo, ingawa mtoto alikuwa amevaa gauni.

Miaka mitatu aliketi kwenye kiti kile, uso kwenye kioo, akakatazwa kugeuka. Alijifunza alichokiona.

Akaimba. Maneno mengine aliyameza, lakini sauti ilikwenda ilikotakiwa kwenda. Mwisho wa mstari wa tatu akasimama, akakohoa, kikohozi kikavu, mara mbili, kisha akaendelea. Mke wangu aliziba mdomo kwa upande wa kanga asicheke. Kile kilikuwa kikohozi cha baba. Udi ulimkereketa pale pale kila siku, miaka yote, na mtoto alidhani ni sehemu ya dua.

Alipopitisha viganja juu ya mwali, alishuka kigodani akaja mezani kwenye vifaa. Mashine, paji la uso. Mkasi, paji la uso. Kitana. Wembe, kwa uangalifu, ukiwa umekunjwa. Halafu akasogea kitini, akaunyanyua mkono wa kulia wa babu yake kutoka mapajani kwa mikono yake miwili, akaugusisha kwenye paji la uso wake, akaurudisha.

"Huo hukuniona nikiufanya," baba alisema.

"Si nao ni wa kunyolea?"

Hapo baba alilia. Alilia bila kujificha, machozi yakapita kwenye mashavu ambayo mimi ndiye niliyeyanyoa asubuhi ile, vibaya. Fundi Viatu alikuwa amesimama mlangoni na kikapu chake, akageuka barabarani akaanza kuwakemea watu ambao hawakuwapo.

"Nimefundisha vinyozi wanne kazi hii," baba alisema alipoweza. "Wote niliwaambia, kioo ni cha mteja, kinyozi aangalie kichwa, ukifuata kioo utakata sikio, kila kitu humo kimegeuka. Mwanafunzi wa tano alikuwa humo humo kiooni, na sikumwona." Akanigeukia mimi. "Na nilisema sikumfundisha mtu."

Ndipo jibu langu liliponijia, wiki tatu baada ya swali.

"Baba," nilisema, "uliniuliza nilikuwa naona nini. Kazini kuna mama mmoja wa mihuri. Hunicheka kila siku. Husema, bwana wa mafaili, mbona unayabusu? Nami humwambia nanusa kama yana ukungu. Sinusi. Faili la kwanza la asubuhi naligusisha hapa." Nilionyesha paji la uso. "Miaka kumi na tisa. Sikujua kwamba nafanya mpaka aliponicheka. Na likianguka sakafuni nikaligusa kwa mguu, naliomba radhi. Na anayesimama wa kwanza dirishani ndiye ninayemhudumia wa kwanza, hata nyuma yake akiwa mkubwa wa nani. Walishanishtaki kwa hilo mara mbili."

"Mara mbili?" baba akauliza.

"Mara mbili."

"Hukuniambia."

"Nilidhani ni tabia zangu."

Baba alinishika bega kwa mkono wa kushoto, akalishika kwa muda mrefu.

Picha haikwenda hekaluni. Ilikwenda kwenye kikapu, kwenye shuka jeupe, mikononi mwa Bi Kwanini, mpaka nyumbani kwetu, na Fundi Viatu akitembea mbele kutusafishia njia kama msafara wa waziri. Tuliiweka sebuleni, ukuta wa mashariki. Duka alilichukua yule kinyozi mwingine, mtu mwema, na kioo kirefu kilibaki kwake. Lakini kile kioo kidogo cha mkononi, ambacho baba aliwaonyeshea wateja kisogo chao, tulikuja nacho. Baba aliomba nikitundike ukuta wa mbele ya picha, usawa wa macho ya mtu aliyeketi.

"Mkono wa kulia tutamfundisha lini?" mke wangu aliuliza usiku ule.

"Jumatatu ijayo," baba alisema. "Wiki hii niacheni niangalie."

Wiki nzima aliangalia. Aliketi na chai yake, kisogo kwenye picha, akitazama kioo kidogo. Jumatatu akageuza kiti.

"Bi Kwanini, leo taa ihamie mkono huu."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nafunga kamba za viatu mlangoni. Nilisubiri aseme maswali mpaka mwali uzimike. Badala yake alivuta pumzi, akaanza kueleza. Alieleza habari za mkono wa kutolea na mkono wa kujisafishia, habari za jua linavyozunguka, na kwa nini kinachoheshimiwa hukaa upande wako wa kulia unapokizunguka. Alieleza kwa shida, maneno yakikwama, kama mtu anayefungua sanduku ambalo hajawahi kulifungua na hajui kilichomo chini. Kisha, bila kuulizwa tena, akamweleza habari za kichwa cha tembo: mama aliyeumba mtoto wa kumlindia mlango, baba aliyerudi nyumbani bila kumtambua mwanawe akamkata kichwa kwa hasira, na majuto yake, na jinsi alivyomrudishia uhai kwa kichwa cha kiumbe cha kwanza kilichopatikana.

"Kwa hiyo hata baba yake alikosea?" mtoto akauliza.

"Alikosea. Kisha akatengeneza."

Nilichelewa kazini dakika kumi na mbili. Nimeiandika tarehe.

Sasa ni mwaka na miezi miwili. Mkono wa baba bado umelala. Bi Kwanini anazungusha taa kwa mkono wa kulia, sawasawa. Siku za mwanzo samli ilimwagika kwenye mkeka na doa lipo. Akiwa na mitihani nawasha mimi, bila daftari, na baba hajasema tena kwamba nasoma faili. Juzi mama wa mihuri aliniuliza kama bado nayanusa mafaili. Nilimwambia hapana, nayasalimu. Alisema afadhali umekiri.

Baba hakohoi tena. Daktari alimpa dawa ya kifua pamoja na zile nyingine, na kile kikohozi cha miaka mingi kimekwisha kabisa. Lakini kila asubuhi, mwisho wa mstari wa tatu, mtoto husimama, hukohoa mara mbili, kisha huendelea. Mimi nilitaka kumwambia. Baba alinikatia jicho kwenye kile kioo kidogo, nikanyamaza.

Jioni hiyo nilifungua ukurasa wangu wa hatua kumi na nne, nikaiongeza ya kumi na tano mahali pake, mwisho wa mstari wa tatu.